JANI NA NENO: SOMO JUU YA KUANDIKIANA KATIKA ILIMU YA MITI NA DAWA

Bismi-Llahi Rrahmani Rrahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeotesha katika ardhi killa jinsi ya mmea kwa kipimo, akatia katika majani na magome na mizizi manufaa ambayo waja hawajamaliza kuyajua. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na wote wenye kuwafuata kwa wema hata siku ya malipo.

Ama baada ya hayo: somo hili ni juu ya biashara moja ambayo wengi huifanya pasipo kujua kuwa ni biashara. Huja mtu katika mji au katika shamba, akauliza majina ya miti na kazi zake. Huongozwa mpaka kwa mzee ajuaye dawa, akaketi naye barazani, akanywa kahawa yake, akamsikiliza, akaandika, akachuma majani machache, akaenda zake. Mzee huona kuwa amekirimu mgeni. Mgeni hujua kuwa amepata mali. Katika watu wawili hao, mmoja ajua thamani ya kilichotolewa, na wa pili hajui.

Si killa mgeni wa namna hii ni mwizi, wala haifai kumdhania mtu uovu pasipo dalili. Wako wataalamu waaminifu waliotaja walikopata ilimu yao na kuwapa wenyewe haki yao. Walakini uaminifu wa mtu mmoja hautoshi kuwa ngao ya watu wote, na Sharia haikuziacha haki za waja zitegemee tabia ya mnunuzi. Kwa hivyo yapasa jambo hili lijulikane hukumu yake, ijapokuwa jina lake ni geni.

1. BIASHARA YA KALE NA BIASHARA MPYA

Watu wa pwani hawakuanza jana kuuza vitu vya mwitu na vya bahari. Sandarusi ilichimbwa katika mchanga wa Mrima, ikaletwa Unguja, na katika karne ya 19 ikapakiwa merikebuni kwenda Salem katika Marekani, na Hamburg, na Bombay, ikafanywa rangi ya kung'arishia mbao. Boriti za mikoko zilikwenda Arabuni na Ghuba kwa majahazi, zikaezekewa nyumba. Nta, ambari na magamba ya ng'amba vilikuwa na wanunuzi wake.

Biashara hiyo yote ilikuwa na kipimo. Sandarusi ilipimwa kwa frasila, na boriti zilihesabiwa kwa korja. Muuzaji aliiona mizani kwa macho yake, na bei aliisikia sokoni. Tena aliyeuza frasila msimu huu alitakikana tena msimu ujao, kwani mali ilipokwisha mnunuzi alirudi.

Biashara mpya haina mizani. Mwenye kuitafuta hahitaji frasila. Yamtosha jani moja na neno moja: jani la mti, na neno la mzee aujuaye mti huo. Jani hukaushwa na kubanwa baina ya karatasi, likapelekwa katika maabara, yaani nyumba ya uchunguzi. Huko hutiwa katika vileo au vimiminiko vingine ili kitu kilichomo kitoke; kisha kitu hicho hugawanywa sehemu sehemu, na killa sehemu hujaribiwa juu ya maradhi au juu ya wadudu, mpaka ijulikane ni ipi ifanyayo kazi. Ikijulikana, huenda ikawezekana kutengenezwa kiwandani, wala mti usihitajiwe tena. Au mbegu zake zikapandwa katika nchi nyingine.

Na neno la mzee ndilo lenye kufupisha njia. Mimea ya dunia ni malaki ya jinsi, na mwenye kuijaribu yote pasipo kiongozi ni kama mwenye kutafuta pete baharini. Akiambiwa kuwa mzizi huu watuliza tumbo na utomvu ule wafunga jeraha, amepunguziwa kazi ya miaka mingi.

Mwisho wa njia hiyo ni hati iitwayo hataza. Hataza ni haki itolewayo na dola kwa mwenye kuvumbua jambo jipya, kwamba asilifanye mtu mwingine wala asiliuze ila kwa idhini yake, kwa muda ambao kwa desturi ni miaka 20. Mwenye kutoa jani na neno hana la kuleta mara ya pili. Mali yake yote imetoka siku moja, kwa kikombe kimoja cha kahawa.

2. KUTAFUTA DAWA NI JAMBO JEMA

Asije mtu akafahamu kuwa somo hili lakataza kutafuta. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa yake. Basi mwenye kuitafuta dawa hiyo yumo katika kheri, awe Muislamu au asiwe.

Na Waislamu walitangulia katika jambo hili. Ibn al-Baytar, aliyezaliwa Malaga katika Andalusi, aliondoka kwao akapita nchi za Maghribi mpaka Misri na Sham akitazama miti na kuwauliza wenyeji, akafa Damascus mwaka 1248. Katika kitabu chake cha dawa na vyakula alikusanya zaidi ya vitu 1,400 na kuvipanga kwa tartibu ya herufi.

Lenye kutazamwa zaidi katika kitabu hicho ni amana yake. Alipochukua neno kwa Diskuridis wa Wayunani alilitaja jina lake. Alipochukua kwa Jalinus, au kwa Razi, au kwa Ibn Sina, alilitaja jina lake. Na alichokiona mwenyewe alikipambanua na alichosimuliwa. Alifanya katika ilimu ya miti kama wafanyavyo wanavyuoni wa hadithi, ambao hawaipokei khabari ila kwa isnadi. Kumtaja uliyepata kwake ni nusu ya haki yake, na kumnyamazia ni mwanzo wa kumdhulumu.

3. KIMILIKIWACHO NA KISICHOMILIKIWA

Huuliza mtu: mti wa mwituni ni wa nani, hata iwe katika kuuchukua mna dhulma?

Jawabu ni kuwa Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba watu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Na wanavyuoni wakafafanua kuwa kilichoota chenyewe katika ardhi isiyo na mwenyewe ni mubaha, na mwenye kukishika amekimiliki alichokishika. Mwenye kuteka mtungi wa maji mtoni, maji ya mtungi ni yake. Walakini hakuna aliyesema kuwa kwa mtungi wake ameumiliki mto.

Mfano huu watosha kuupambanua ukweli na uwongo katika jambo hili. Mwenye kuchuma jani, jani ni lake. Mwenye kubuni kwa akili yake na taabu yake njia mpya ya kulitengeneza, njia hiyo aweza kuwa na haki nayo. Na Baraza la Fikihi la Kiislamu la kimataifa, lilipokutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988, lilikata kuwa haki za utunzi na za uvumbuzi ni haki zenye thamani ya mali, zahifadhiwa kwa Sharia, wala si halali kuzivunja. Basi hataza kwa asili yake si haramu. Dhulma huingia pale mwenye mtungi adaipo mto: akaandikisha kwa jina lake jambo ambalo wazee walilijua na kulitumia kabla hajazaliwa, kisha akawazuilia wenyewe.

4. KUWALAKI WENYE MISAFARA

Katika mambo ya biashara aliyoyakataza Mtume (s.a.w.) mna moja liliyofanana mno na jambo hili, nalo ni kuwalaki wenye misafara njiani. Wafanya biashara wa mjini walikuwa wakitoka kwenda kukutana na watu wa mashamba waletao mali, wakainunua kwao kabla hawajafika sokoni na kuijua bei. Mtume akalikataza hilo; na imepokewa katika Sahihi ya Muslim kuwa mwenye mali akifika sokoni ana hiari, akitaka hupitisha bei na akitaka huivunja.

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wa watu wa pwani, bei hiyo yasihi, ila aliyeifanya kwa kusudi apata dhambi, na muuzaji aliyepunjwa ana hiari atakapojua. Na pwani ina kumbukumbu ya jambo hili, kwani zamani za misafara ya pembe walikuwako waliokwenda kuipokea bara kabla haijafika mjini.

Illa ya katazo hili ni nini? Si kuwa mnunuzi amesema uwongo. Huenda hakusema neno la uwongo. Ni kuwa mmoja ajua soko na mwingine hajui, na yule ajuaye amefanya haraka kusudi mwenziwe asipate kujua. Mzee aliyeketi barazani kwake na jani mkononi ni mwenye msafara ambaye hajafika sokoni. Soko lake liko mbali, katika miji asiyoijua, wala hana punda wa kumfikisha huko. Kwa hivyo haki yake ya kuambiwa ni kubwa zaidi kuliko ya mwenye ngano na samli.

5. AYA YA DENI

Mwenyezi Mungu ameweka katika Sura ya Baqara aya iliyo ndefu kuliko aya zote za Qurani, na aya hiyo haikushuka juu ya sala wala juu ya hija, bali juu ya kuandikiana. Humo waumini wameamrishwa kuwa wakikopeshana kwa muda ulio maalumu waandike. Na mwandishi aandike kwa uadilifu wala asikatae. Na mwenye haki juu yake ndiye atamkishe. Na washuhudishe watu wawili, au mtu mmoja na wanawake wawili. Na mashahidi wasikatae waitwapo. Na watu wasichoke kuandika, liwe jambo dogo au kubwa. Wala asidhuriwe mwandishi wala shahidi. Kisha ikatolewa biashara moja katika amri hiyo ya kuandika, nayo ni ile ya mkono kwa mkono, mali ikabidhiwe hapo na thamani ikabidhiwe hapo.

Wengi katika wanavyuoni wamesema kuwa amri hii ni ya kupendekezewa, si ya wajibu. Ni kweli. Lakini na atazame msomaji: jani na neno limo katika fungu gani? Je, ni biashara ya mkono kwa mkono? Jani limekabidhiwa leo, na faida yake haijulikani ila baada ya miaka kumi au ishirini. Kitu kilichotolewa leo na malipo yake yamo katika siku zijazo hakifanani na samaki wa sokoni. Chafanana na deni. Basi lililopendekezwa katika deni la reale kumi latakikana zaidi katika deni lisilojulikana mwisho wake.

6. YALIYOTOKEA

Mtu aweza kusema kuwa haya ni maneno ya vitabuni tu. Basi na yatazamwe mambo manne yaliyotokea.

La kwanza ni la manjano. Mwezi wa Machi 1995 wataalamu wawili wa chuo cha utabibu katika jimbo la Mississippi, Marekani, walipewa hataza ya kutumia manjano kuponyesha majeraha. Hakuna nyumba ya pwani wala ya Bara Hindi isiyojua manjano. Baraza la utafiti wa sayansi la Bara Hindi likaikataa hataza hiyo mbele ya ofisi iliyoitoa, likaleta hati 32, baadhi yake maandishi ya kale ya Kisanskriti, na moja makala ya jarida la matabibu wa Bara Hindi ya mwaka 1953. Mwaka 1997 hataza ikafutwa. Iliyoivunja si sauti ya watu wengi waliokasirika, ni karatasi.

La pili ni la mwarobaini, mti ambao jina lake pwani latokana na hesabu ya maradhi arobaini yasemwayo kuwa huyaponya. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya, iliyoko Munich, iliwapa Wizara ya Kilimo ya Marekani na kampuni ya W. R. Grace hataza ya kutumia mafuta ya mwarobaini kuua ukungu wa mimea. Mwaka 1995 hataza hiyo ilipingwa na Vandana Shiva wa Bara Hindi, na Magda Aelvoet wa Bunge la Ulaya, na shirikisho la wakulima wasiotumia dawa za viwandani. Kesi ikasikizwa Mei 2000. Akasimama mwenye kiwanda mmoja wa Bara Hindi, Abhay Phadke, akashuhudia kuwa dawa ya namna ile ilikwisha kutengenezwa na kujaribiwa katika mashamba ya wakulima kabla hataza haijaombwa. Hataza ikafutwa, wenyewe wakakata rufani, na tarehe 8 Machi 2005 rufani ikatupwa. Kazi ya miaka kumi, na nguzo yake ni shahidi aliyeitwa asikatae.

La tatu ni la homa ya malaria. Katika karne ya 4 mtabibu wa China, Ge Hong, aliandika katika kitabu chake kuwa mmea wa jinsi ya pakanga hulowekwa katika maji, ukakamuliwa, maji yake yakanywewa na mwenye homa. Baada ya miaka 1,600 Bibi Tu Youyou, aliyekuwa akitafuta dawa ya malaria, aliyasoma maneno hayo akaona kuwa hayakutaja kuchemsha. Akafahamu kuwa huenda moto ndio uharibuo dawa; akaitoa dawa pasipo moto mkali mwaka 1971, ikafanya kazi. Mwaka 2015 akatunukiwa nishani ya Nobel. Dawa mseto ya malaria itumiwayo katika hospitali za pwani imetokana na mmea huo. Hapa maandishi hayakulinda haki tu. Yaliokoa roho za watu ambao mwandishi hakuwajua.

La nne ni la ua la Bukini, yaani Madagaska. Ni mmea mfupi wenye maua meupe au ya rangi ya waridi, ambao huota katika mchanga wa pwani na kupandwa nyuani. Asili yake ni Bukini, na mabaharia waliueneza katika nchi za joto. Mwaka 1952 majani yake yalitumwa kutoka Jamaika, ambako watu waliyanywa kwa ugonjwa wa sukari, yakafika kwa Robert Noble katika Kanada. Yeye na Charles Beer hawakuona kuwa yashusha sukari, lakini waliona kuwa yapunguza chembe nyeupe za damu; na mwaka 1958 wakakitoa kitu kilichomo. Kampuni ya Eli Lilly ya Marekani nayo ilikuwa ikiuchunguza mmea huo huo kwa khabari za matumizi yake Ufilipino. Zikapatikana dawa mbili za saratani, vinblastini na vinkristini, zikauzwa tangu miaka ya 1960. Vinkristini ni miongoni mwa dawa ambazo kwa sababu yake watoto wengi wenye saratani ya damu, waliokuwa wakifa karibu wote, sasa hupona.

Hiyo ni neema, na mwenye insafu hawezi kuikana. Lakini Bukini, nchi ya asili ya mmea, haikuandikiwa fungu katika faida ya dawa hizo, wala wazee wa Jamaika na Ufilipino ambao neno lao ndilo lililowafanya wataalamu kulitazama jani. Hapakuwa na hati, hapakuwa na shahidi, na wakati huo hapakuwa na sheria. Hapana wa kushtakiwa, wala hapana wa kudai.

Basi mambo manne haya yafundisha jambo moja. Manjano yaliokolewa na maandishi. Mwarobaini uliokolewa na shahidi. Pakanga ilihifadhiwa na kitabu. Na ua la Bukini, lililokosa vyote, lilikwenda bure.

7. KUJIHUKUMU NAFSI

Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Sura ya Nisaa kusimama na uadilifu, ijapokuwa ushahidi ni juu ya nafsi ya mtu mwenyewe. Kwa hivyo mtu wa pwani na ajitazame naye.

Karafuu si mti wa Unguja. Asili yake ni visiwa vya Maluku, ambako Waholanzi waliishika biashara yake kwa nguvu, hata wakaikata mikarafuu ya visiwa vingine ili wauze wao peke yao. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alipata kuitorosha miche mpaka kisiwa cha Mauritius. Na mwanzo wa karne ya 19 ikafika Unguja. Sayyid Said akaamrisha ipandwe, na baada ya miaka michache Unguja na Pemba zikawa ndizo kubwa za karafuu duniani. Hakuna aliyewaandikia watu wa Maluku fungu lolote. Wala mwarobaini si mti wa pwani kwa asili. Umetoka Bara Hindi, na watu wa pwani hawana haki ya kudai kuwa ni wao waliouvumbua.

Na lililo karibu zaidi ni hili: katika dawa zijulikanazo mijini, nyingi zimejifunzwa kwa majirani wa mashamba na wa misitu, ambao huenda si Waislamu. Ilimu ya jirani ni amana kama mali ya jirani. Muislamu akimpelekea mgeni dawa ya jirani yake akapokea bakhshishi, amefanya lile lile alilolilalamikia.

8. WAJIBU WA KILLA MTU

Na tuseme Zeid ni mzee ajuaye mizizi, na Amr ni mtu wa mjini ajuaye lugha ya mgeni, akamwongoza mpaka kwa Zeid.

Zeid asiifiche ilimu yake kwa mgonjwa. Imekuja hadithi yenye kitisho kikubwa kwa mwenye kuulizwa ilimu akaificha. Na ijapokuwa wanavyuoni wameielekeza zaidi katika ilimu ya dini, mgonjwa aliyelala kitandani ana haki ya kusaidiwa. Lakini mgonjwa ni mmoja, na mwenye kutafuta bidhaa ni mwingine. Huyu wa pili Zeid amwulize mambo manne: umetumwa na nani, jani hili laenda wapi, likifaa atapata nani, na iko wapi hati ya idhini. Asiuze kwa neno la ujumla kwamba ajuayo yote ni ya mgeni kwa matumizi yoyote, kwani hiyo ni bei ya kitu kisichojulikana, na Mtume (s.a.w.) amekataza bei ya gharari.

Amr ni dalali, na dalali ni mwaminiwa wa pande mbili. Asipunguze katika kufasiri, wala asimwambie Zeid kuwa mgeni ni mwanafunzi tu na hali ajua kuwa ni mtu wa kampuni. Ujira wa njia ni halali. Ujira wa kunyamaza ni rushwa. Katika watu watatu hao, Amr peke yake ndiye ajuaye maneno yote mawili, na kwa hivyo hesabu yake ni nzito zaidi.

Na wazee wa mji na walimu wa vyuo, wajibu wao ni kuandika. Killa mwaka hufa mtu aliyejua mti ambao mwanawe haujui kwa jina. Kijana mwenye kalamu aketi na babu yake, aandike jina la mti, na mahali uotapo, na sehemu itumiwayo, na kazi yake, na nani aliyemfundisha, na tarehe. Kisha watie mkono mashahidi wawili. Ama kutangaza maandishi hayo kwa watu wote, wenyewe na washauriane kwanza. Lililotangazwa laweza kuizuia hataza ya mwongo, kama yalivyofanya manjano, lakini pia laweza kumfupishia njia mtu asiyetaka kulipa. Daftari liwekwe mahali pa amana, na funguo yake iwe kwa waaminiwa.

Na sheria za dunia sasa zimekaribia maana hii. Mkataba wa mataifa juu ya jinsi za viumbe, uliotiwa saini Rio de Janeiro mwaka 1992, ulikata kuwa killa nchi ina mamlaka juu ya viumbe vyake, na kuwa mwenye kuvitaka aombe idhini na kugawana faida. Mapatano ya Nagoya ya mwaka 2010, yaliyoanza kufanya kazi mwaka 2014, yalizidi kuifafanua njia ya idhini na mgao, yakataja na ilimu ya wenyeji. Kenya iliweka kanuni zake mwaka 2006. Na mwaka 2007 shirika lake la wanyama pori liliandikiana na kampuni ya Novozymes ya Denmark juu ya viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Na Mei 2024 mataifa yaliafikiana mjini Geneva juu ya mkataba wa kumlazimisha mwenye kuomba hataza ataje nchi au watu aliopata kwao.

Walakini sheria hainuki yenyewe ikaenda shambani kwa Zeid. Mwenye haki asiyejua haki yake ni kama asiye nayo, na kumjulisha ni wajibu wa wale wajuao kusoma.

KHULASA

Kutafuta dawa katika miti ni kheri. Mti wa mwituni ni mubaha, na ilimu ya mtu ni amana. Mwenye kujua soko asimghururi asiyelijua. Ambalo faida yake haijaonekana leo na liandikwe leo. Na lisiloandikwa wala kushuhudiwa, likipotea, mwenyewe na asiilaumu dunia peke yake.

MASUALA YA DARASA

1. Ni ipi tafauti baina ya biashara ya sandarusi na biashara ya jani na neno?
2. Mwenye mtungi amemiliki nini, na hakumiliki nini?
3. Kwa nini mwenye mali aliyelakiwa njiani alipewa hiari?
4. Ni kitu gani kilichoivunja hataza ya manjano, na ni kitu gani kilichoivunja hataza ya mwarobaini?
5. Katika mji huu, ni nani ajuaye dawa ambayo haijaandikwa, na ni nani atakayekwenda kwake na kalamu kabla ya Ijumaa ijayo?

Wa bi-Llahi ttaufiq.